Faili ni zima, mwanangu

Barua za wasomaji kuhusu muziki na vyombo vyake. Anayejibu ni fundi mstaafu wa redio na amplifaya, Lindi mjini.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Vigaeni, Mtwara, ni karani katika chama cha ushirika cha korosho. Kaka yangu alipomaliza chuo Dar es Salaam aliniachia fleshi imejaa nyimbo. Nyingi nilizijua, ila kuna folda moja ya bendi ya Kimarekani inaitwa Sonic Youth. Nilipoifungua mara ya kwanza nilidhani faili limeharibika. Magitaa yanalia kama bati linaloburuzwa kwenye lami, halafu katikati yake kuna mtu anaimba kana kwamba yeye hazisikii hizo kelele. Mke wangu akaniambia zima, mashine ya kusaga ya jirani inatutosha.

Sasa mwisho wa folda kuna albamu mbili zina jina la mtu mmoja tu, Thurston Moore, moja ya 2007, nyingine ya 2011. Humo ni gitaa kavu, fidla, na chombo ambacho kaka ananiambia ni kinubi. Polepole, bila papara. Kaka anaapa kwamba huyu ndiye yule yule wa kelele. Ni kweli? Na kama ni kweli, kapatwa na nini: kaokoka, kazeeka au kachoka? Nisaidie pia namna ya kuzisikiliza, maana nikizipiga kwenye simu zinapita tu, hazinishiki. Gitaa kavu ninalo, napiga kidogo kidogo.
*Karani wa korosho, Vigaeni, Mtwara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Faili ni zima. Na usione aibu, mimi nilidanganyika kabla yako, tena nilikuwa nalipwa kujua tofauti.

Mwaka 1993 nilikuwa na meza yangu ya ufundi Mtwara mjini. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka nje akaniletea redio kaseti yake, imekataa kurudisha kaseti nyuma. Ndani akaacha kaseti. Nikabadilisha mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, nikaijaribu kwa kaseti ile ile, na kilichotoka nikakijua mara moja: hedi, kile kichuma kinachosoma kaseti, ni chafu. Nikachukua pamba na spiriti, nikaisugua hedi mpaka ikang'aa. Kelele zile zile. Nikasema basi ni mota, inayumba. Nikafungua tena, nikapima, mota haina neno. Mwisho nikatumbukiza kaseti yangu ya Mbaraka Mwinshehe, gitaa likatoka safi, kila uzi na mahali pake. Mwenye redio alipokuja kuchukua mzigo nikamwambia, "Redio imepona, mgonjwa ni kaseti yako." Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya rangi. Ilikuwa ni Daydream Nation, albamu ya Sonic Youth ya 1988. Akaniachia, na bado ninayo. Miaka mingi baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi za kutunzwa kwa ajili ya vizazi, kwa hiyo hedi yangu nimeshaiomba radhi.

Ndiyo, ni yeye. Thurston Moore alizaliwa 1958, na bendi waliianzisha New York mwaka 1981, yeye na Kim Gordon, kisha Lee Ranaldo kwenye gitaa la pili. Moore na Ranaldo wote walipitia mikononi mwa Glenn Branca, mtunzi aliyekuwa akipanga magitaa ya umeme mengi kwa pamoja, mengine nyuzi zake zote zimetyuniwa sauti moja. Hapo ndipo shule yao ilipokuwa. Halafu kulikuwa na ukata. Magitaa waliyoyamudu yalikuwa ya bei ya chini, yale ambayo ukiyatyuni kawaida yanalia vibaya hata ufanyeje. Kila fundi anayajua: shingo imepinda, ukisawazisha huku kunaharibika kule. Wao wakaacha kulilazimisha gitaa liseme lugha ya magitaa mengine. Nyuzi mbili au tatu wakazipa sauti moja, nyingine wakazilegeza mpaka zikalala, na chini ya nyuzi wakachomeka bisibisi au kijiti cha ngoma. Gitaa likiisha kupata tyuni yake, halibadilishwi tena. Linakuwa gitaa la nyimbo fulani tu. Ndiyo maana walisafiri na lundo la magitaa. Mwaka 1999 gari lao la vyombo likaibwa huko California, na hasara ile haikuwa ya fedha peke yake, kwa sababu gitaa la namna hiyo hulipati dukani. Ilikuwa kama mganga kuibiwa mkoba.

Sasa chukua gitaa lako, kabla hujarudi kwenye fleshi. Uzi wa sita, ule mnene, ulegeze kutoka E hadi C. Wa tano ulegeze kutoka A hadi G. Wa nne na wa tatu usiziguse, zibaki D na G. Wa pili ukaze nusu toni tu, B iwe C. Nenda taratibu na uso uuweke pembeni, uzi mkongwe ukikatika hauna adabu. Wa kwanza ulegeze kutoka E hadi D. Umepata C, G, D, G, C, D. Hiyo ni tyuni ambayo Moore ameitumia sana katika miaka yake ya baadaye. Mkono wa kushoto uache upumzike, usibane kitu. Pitisha dole gumba kutoka uzi mnene hadi mwembamba, mara moja, halafu tulia mpaka sauti iishe yenyewe.

Uzi mnene utaguna. Kule kwenye nyuzi nyembamba, C na D wamekaa nyumba jirani, toni moja tu kati yao, hawapatani na hakuna anayehama. Halafu sikiliza zile G mbili, uzi wa tano na wa tatu. Kama hujazilinganisha sawasawa utasikia sauti inapanda na kushuka, wau, wau, wau, kama taa ya umeme mdogo. Kaza uzi wa tatu kidogo sana: mawimbi yanapunguza mwendo. Kaza tena, kama unavyofungua kizibo cha dawa: yanakaribia kusimama. Ukipitiliza yanaanza tena kwa kasi. Mafundi wengi wa gitaa hutumia mawimbi hayo kujua kwamba wamekosea. Moore na wenzake walikaa humo humo ndani ya kosa, wakalifanyia makazi.

Hicho ndicho ulichokiita bati kwenye lami. Weka amplifaya kubwa mbele ya gitaa la namna hiyo: sauti inatoka kwenye spika, inatikisa nyuzi, nyuzi zinairudisha kwenye amplifaya, inatoka kubwa zaidi, inatikisa tena. Ni ile ile mikrofoni ya harusini inayopiga yowe MC akipita mbele ya spika, ila hapa MC amefanya makusudi na anajua asimame hatua ngapi kutoka kwenye spika ili yowe liwe la sauti anayoitaka.

Kwenye gitaa kavu hakuna amplifaya ya kukuletea hayo mpaka mlangoni. Wau wau ipo, ugomvi wa C na D upo, lakini lazima wewe uifuate. Ndiyo sababu kwenye simu zinapita tu. Spika ya simu haiwezi kutoa uzi mnene wa C, inakupa makapi ya juu. Nunua spika za masikioni, hata za bei ya chini, ila ziwe za kuingia ndani ya sikio. Subiri mashine ya jirani izimwe na malori ya korosho yapungue. Bado usizipandishe sauti sana.

Anza na ile ya 2007, Trees Outside the Academy. Nina sababu. Mpiga ngoma humo ni Steve Shelley, yule yule wa Sonic Youth, kwa hiyo mguu mmoja bado uko ndani ya bendi na sikio lako halitatupwa ghafla. Ilirekodiwa nyumbani kwa J Mascis, Amherst, Massachusetts. Huyo Mascis wa bendi ya Dinosaur Jr. ni mtu mwingine ambaye ukimpa amplifaya atazipanga tatu nyuma ya mgongo wake. Wapiga kelele wawili nyumba moja, na kilichotoka ni gitaa kavu na fidla ya Samara Lubelski! Ni sawa na kuwakuta wanywaji wawili wa uraka saa moja asubuhi wanaulizana kama uji umekolea sukari. Mascis anashindwa kujizuia, sehemu mbili tatu utamsikia anachomeka gitaa la umeme, na mimi hapo hufurahi.

Usiizime kabla ya kipande cha mwisho. Si wimbo. Ni mkanda wa zamani wa Moore akiwa na miaka 13, yuko nyumbani na kinasa sauti, anarekodi milio ya vitu. Kijana hajashika amplifaya bado, hana bendi, ana mkanda na muda. Kwa nini aliuweka kwenye albamu yake ya upole kuliko zote alizokuwa ametoa? Mimi nina jibu langu, nawe baada ya kuusikiliza utakuwa na lako.

Demolished Thoughts, hii ya 2011, ndiyo iliyokuchanganya na kinubi chake. Mpigaji wa kinubi ni Mary Lattimore, fidla ni Lubelski tena, na aliyeisimamia studio ni Beck, mwanamuziki mwenzake wa Marekani. Nyimbo 9. Hapa dramsi zimerudi nyuma kabisa, utazitafuta. Fuatilia fidla. Haichezi mbwembwe, inashika sauti moja na kuikalia, inaikalia mpaka chumba kinajaa. Kazi hiyo kwenye bendi ilikuwa ya amplifaya inayopiga yowe. Nacho kinubi, masikioni mwangu, kinaokota zile sauti ndogo ndogo zinazozaliwa juu ya nyuzi za gitaa na kuzionyesha moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Siipendi yote. Sauti ya Moore haikuumbwa kwa kuimba, ni ya mtu anayesoma bei kwenye mnada wa korosho na hana mzigo wake hapo. Kwenye kelele hilo halikuwa tatizo, hapa limekaa uchi. Katikati ya albamu nyimbo zinafanana, na usiku mmoja nililala kabisa, nikaamshwa na kimya. Nyimbo mbili za mwanzo, lakini, ningeweza kuzipiga kila siku hadi Ramadhani nyingine.

Umeuliza kapatwa na nini. Wapo watakaokwambia hii ya 2011 ni albamu ya ndoa kuvunjika, kwa kuwa Moore na Kim Gordon, waliooana 1984, walitangaza kutengana Oktoba mwaka huo, na Sonic Youth ikapiga onyesho lake la mwisho Brazil mwezi wa Novemba. Albamu ilitoka Mei. Mimi siingii chumbani kwa watu. Ninachojua ni kwamba hajaokoka na kelele: mwaka 2014 alitoa The Best Day, na magitaa ya umeme yamo, na Shelley yumo nyuma ya ngoma zake. Uzee nao? Mwaka 2007 alikuwa na miaka 49. Mimi nina 68, na kama miaka 49 ndiyo uzee basi nimekuwa nikijibu barua hizi kutoka kaburini.

Mwenzake wa kumsikiliza sambamba ni Michael Gira. Bendi yake, Swans, ilianza New York mwaka 1982, na kwa ukubwa wa sauti Sonic Youth kwao ni watoto wa madrasa. Mwaka 1997 akaivunja. Kuanzia 1999 akawa anatoa albamu kwa jina la Angels of Light, nyingi za gitaa kavu, na ile ya 2005 ngoma karibu hazimo. Lakini Gira ni kinyume cha Moore. Moore akipunguza sauti anakuwa mpole kweli. Gira akipunguza sauti anatisha zaidi, kama mzee aliyeacha kufoka na kuanza kukuita kwa jina lako kamili. Mwaka 2010 akajirekodi peke yake na gitaa, akatoa nakala 1,000 tu, jina lake I Am Not Insane, akaziuza. Unajua fedha ilikwenda wapi? Kurekodi albamu ya kuirudisha Swans, na nyimbo zile zile za gitaa moja zikarudi humo zikiwa na bendi nzima nyuma yake. Kelele imelipiwa na upole! Ukimaliza hizi mbili za Moore, nenda kibanda cha kurushia nyimbo umwulize kijana kama anazo za Gira. Atakwambia hana. Basi tumia bando.

Na kabla hujaniambia haya ni mambo ya Wazungu: Wagogo hubandika utando wa buibui kwenye tundu la ilimba ili chombo kilie kwa mkwaruzo, na chombo chenyewe ni cha kupigwa kwa vidole gumba, kinakaa mapajani. Marehemu Hukwe Zawose aliutembeza mkwaruzo huo dunia nzima. Hapa kwetu nani hajaona ngoma za sindimba zikikanzwa motoni kabla ya kuchezwa, mzee anagonga, anasikiliza, anairudisha kwenye makuti yanayowaka? Ngoma ikipoa usiku sauti inashuka, inarudishwa motoni. Hiyo nayo ni tyuni.

Mkeo usimwambie ni nani. Mpigie wimbo wa kwanza wa ile ya 2011 mkiwa mnamenya ming'oko, halafu niandikie alichosema.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Mikindani, nyumba inatazama bahari. Nyuzi za gitaa langu kavu zinashika kutu kabla ya miezi miwili. Rafiki kanishauri nipake mafuta ya nazi, mwingine anasema nihamie nyuzi za nailoni. Nifanyeje?
*Mpiga gitaa, Mikindani*

JIBU: Mafuta ya nazi acha kwenye wali. Uzi ukiupaka unashika vumbi na jasho, baada ya wiki unalia kama umefunikwa blanketi. Dawa ni kitambaa kikavu cha pamba: ukimaliza kupiga, futa kila uzi juu na chini yake, unapitisha kitambaa kati ya uzi na shingo. Ni jasho la vidole likikutana na chumvi ya upepo linaloozesha. Gitaa lilale ndani ya mfuko wake, weka na kifuko kidogo cha mchele mkavu, na mchele huo ubadilishe kila baada ya wiki mbili tatu.

Nailoni haishiki kutu, kweli, lakini kwanza tazama gitaa lako lilizaliwa na nyuzi zipi. La chuma likivaa nailoni litanong'ona tu. La nailoni likivaa chuma litaumia, maana nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu zaidi. Nililivalisha chuma gitaa la nailoni mwaka 2001, nikijiona mjanja, na alfajiri nikasikia mlio kama mlango umepigwa teke. Ubao unaoshika nyuzi ulikuwa umeng'oka na kipande cha kifua cha gitaa. Lilikuwa la mkwe wangu.

SWALI: Toleo lililopita uligusia Wamarekani wanaochomeka bisibisi chini ya nyuzi za gitaa. Asante sana. Kijana wangu wa kidato cha tatu amechukua bisibisi yangu na gitaa la kwaya, na tangu Jumapili nyumba haina amani. Mwalimu wa kwaya ananitazama. Je, gitaa litaharibika?
*Baba mwenye nyumba, Mtama, Lindi*

JIBU: Mzee mwenzangu, pole. Gitaa halitaharibika upesi. Bisibisi iliyolala katikati ya uzi inaugawa vipande viwili, kila kipande kina sauti yake, ndiyo maana unasikia kitu kama kengele yenye mafua. Hatari ni mbili: rangi ya shingo kukwaruzwa, na nyuzi kukatika kama hakuzilegeza kwanza. Mwambie azilegeze, na bisibisi iwe na mpini wa plastiki na chuma laini kisicho na meno.

Hata hivyo gitaa la kwaya lirudi kwaya leo hii, kabla ya mazoezi ya jioni. Yeye mlete Lindi. Ninalo gitaa moja, shingo imepinda, limebaki na nyuzi nne, halijawahi kukubali tyuni yoyote tangu nilinunue. Nampa bure. Ila aje na bisibisi yake mwenyewe, yangu imeshaibiwa mara mbili.